Mipango ya vijiji ianzie juu au kwa wananchi? Majibu ya maswali yenu

Hivi kupanga toka juu na kupanga toka chini tofauti yake nini hasa?

Angalia tu historia yetu hapa Tanzania. Kule Songea, Litowa, watu walianza kulima pamoja mwanzoni mwa miaka ya 60, vijiji jirani vikajiunga wakawa na chama chao cha maendeleo Ruvuma, kila kitu wanaamua kwenye mikutano yao wenyewe, na Nyerere aliwakubali sana. 1969 TANU, chama tawala, ikakivunja. Halafu 1973 ikatoka amri kwamba mpaka 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini, ndo Operesheni Vijiji hiyo, mamilioni wakahamishwa na kuna sehemu nyumba zilichomwa. Ujamaa ule ule, ila Ruvuma watu waliamua wenyewe, hiyo ndo kupanga toka chini, na kwenye Operesheni wakaamuliwa, hiyo ndo toka juu, na mimi inaniuma mpaka leo kwamba tulichagua wa pili.

Si Operesheni Vijiji ilileta shule na zahanati? Mnailaumu bure.

Ilileta kweli, hilo silipingi. Kilimo ndo kiliumia, maana vijiji vingi viliwekwa kando ya barabara ili vifikike, mkulima shamba kaliacha mbali huko na udongo wa pale hakuna aliyewauliza wazee kama unafaa, na ukame wa miaka ile ukawakuta hivyo hivyo.

Na ile mipango ya mikoa ya wafadhili?

RIDEP, yaani mipango ya pamoja ya maendeleo ya mikoa. Tanga walipewa Wajerumani Magharibi, Kigoma Benki ya Dunia, maji barabara na kilimo vyote kwenye mpango mmoja. Ila halmashauri za wilaya zilishafutwa 1972, kwa hiyo mwananchi hakuwa na pa kusemea.

Sasa tuna Fursa na Vikwazo, ule utaratibu wa kijiji kujipangia maendeleo yake, si tayari inaanzia chini?

Kwa utaratibu ndio, na nautetea. Kijiji kinaibua vipaumbele, vinapanda kata, vinafika halmashauri, hapo vinakutana na ukomo wa bajeti na maelekezo ya kitaifa, mnaomba kisima mnaletewa kitu kingine na hakuna anayerudi kuwaambia kwa nini. Dada uliyeuliza, mkutano mkuu wa kijiji ni haki ya kila mkazi mwenye miaka 18, nenda, dai mapato na matumizi yasomwe, na mtendaji aseme mbele ya watu vipaumbele vya mwaka jana vimeishia wapi.