Jibu: Tule wapi Kampala kwa siku mbili?

Karibuni Kampala, ndugu. Kwa kuwa umesema mke wako amechoka na chakula cha hotelini, anzeni mtaa wa Kabalagala kwa Wahabeshi. Injera, mkate wao laini na mwembamba wa chachu, huletwa kwenye sinia moja pamoja na mchuzi, mnachota kwa mkono, na pengine kahawa itakaangwa mbele yenu. Msiwe na haraka. Kisenyi kuna Wasomali: wali, nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni (ndiyo, huliwa pamoja na wali, jaribuni kwanza). Ila msiondoke bila luwombo, yaani kuku au nyama iliyofungwa kwenye jani la mgomba ikapikwa kwa mvuke, na matoke yake. Iulizieni mchana, jioni huwa imekwisha. Usiku mkisikia njaa, rolex ya Wandegeya: chapati na mayai, inakunjwa mkiangalia.