Kwa Mpishi Mpya wa Kambi ya Asali

Mdogo wangu, ukiambiwa unakwenda kuwapikia warina asali huko misitu ya Sikonge, usianze kwa kuuliza sufuria. Uliza maji yako wapi. Kuanzia Juni hadi Oktoba miyombo ya Tabora haionji mvua ya maana, na nyuki wana kiu kama wewe. Msimu wangu wa kwanza niliacha ndoo wazi chini ya mti. Kufika saa tano asubuhi uso wa maji umekuwa mweusi kwa nyuki, nami niko juu ya kichuguu, mwiko mkononi. Tangu hapo maji yangu hukaa kwenye madumu yenye vifuniko, na vyombo naosha alfajiri, kabla jua halijawaamsha wenye pori lao.

Mawe ni shida kule, kwa hiyo mafiga tunayachonga kutoka kichuguu kikuukuu. Udongo wake unavumilia moto. Jiwe la mtoni usilijaribu: limenyonya maji, likipata joto linaweza kupasuka na kukurukia usoni. Kabla hujawasha, fagia majani hatua tatu kila upande mpaka uone udongo mtupu, maana upepo wa Agosti hauna subira. Moto ukikuponyoka utachoma mizinga ya watu, na hapo hakuna atakayekula chakula chako tena.

Kuni okota zilizokauka zenyewe. Ila mkipiga kambi karibu na mahame, utakuta minyaa iliyokuwa ua wa boma imekauka, inakuita. Iache. Utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, na moshi wake utaliza kambi nzima. Moshi wa kuni nyingine vumilia tu, unapunguza mbung'o. Nguo za bluu na nyeusi acha nyumbani, mbung'o wanazifuata.

Unga, dagaa wa Kigoma, karanga, chumvi: hayo unayajua. Ngoja niseme viazi, maana hapo ndipo nilipoaibika. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa, vikaanikwa. Unatafuna hivyo hivyo huku unatembea. Michembe imeanikwa mbichi, lazima ipikwe. Mimi nilivichanganya mfuko mmoja, nikavimwaga sufuria moja. Matobolwa yakawa uji, michembe ikabaki migumu kama magome, na mzee mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mama yangu ni Mnyamwezi kweli.

Siku hizi naiosha michembe vumbi, naifunika kwa maji, moto wa wastani. Ikianza kukatika kwa ubapa wa mwiko, na maji yamebaki kidogo, namimina karanga zilizotwangwa, nakoroga, kisha navuta kuni mbili nje niachie makaa yamalizie. Ukiacha moto mkali karanga zitashika chini, na harufu ya kuungua haitoki hata uombe.

Uyoga usiuguse mpaka mwenyeji aushike yeye kwanza.

Na ugali usiusonge mapema. Wengi hurina giza likishaingia, nyuki wametulia, kwa hiyo saa ya chakula haijulikani. Acha maji yakae moto pembeni, usonge ukisikia sauti zao zinakuja. Birika la chai ya rangi liwe juu ya makaa. Sukari usihangaike kuibeba.