Barua kwa mwanangu: ile Harley ya miaka mia

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama uinunue ile pikipiki ya Harley-Davidson ya mwaka 2003, toleo la miaka 100, ambayo mwenyewe anadai haijatembea hata kilomita 300, ili uifunike turubai uje kuiuza kwa faida miaka kumi ijayo. Kama hesabu yako ni hiyo, achana nayo. Kama unaitaka uipande, endelea kusoma.

Muuzaji amekwambia ni adimu. Si adimu. Harley ilianza Milwaukee mwaka 1903, kwa hiyo 2003 ilikuwa sherehe kubwa kwao, na kila modeli ya mwaka ule, kuanzia Sportster ndogo hadi yale madude ya safari ndefu, ilitoka na nembo ya miaka 100. Mwaka huo kampuni iliingiza sokoni pikipiki zaidi ya 290,000. Na waliowaza kama wewe walikuwa wengi: wakanunua, wakafungia, wakasubiri. Leo wanatafuta wateja kwa wakati mmoja, kila mtu ana kilekile alicho nacho mwenzake. Zenye mvuto kidogo ni zile za rangi maalumu ya fedha na nyeusi, ambayo mteja aliiongezea pesa. Muulize yake ni rangi ipi.

Sasa itazame Triumph Bonneville T140J ya mwaka 1977, iliyotengenezwa kuadhimisha miaka 25 ya Malkia Elizabeth II kwenye kiti cha enzi. Zilitoka 1,000 za Uingereza, 1,000 za Marekani, na mia kadhaa za nchi nyingine. Huo angalau ni uchache. BMW nao mwaka 2023 walitoa R nineT na R 18 za kutimiza miaka 100, kila moja 1,923, kwa sababu walianza kutengeneza pikipiki mwaka 1923. (Aliyebuni idadi hiyo ni mtu wa matangazo, na kazi yake anaijua.) Royal Enfield walipofikisha miaka 120 walitoa 480 tu kwa dunia nzima. Lakini uchache peke yake haulipi, maana idadi anaipanga mwenye kiwanda. Mwaka 2019 Ducati walitoa pikipiki 500 aina ya Panigale V4 za kuikumbuka 916, modeli yao iliyotoka mwaka 1994. Zile naziamini zaidi, kwa sababu watu waliipenda 916 kabla hajatokea mtu wa kuiandalia sherehe.

Tuje kwenye hizo kilomita 300, ambazo wewe unaziona sifa na mimi zinanitia wasiwasi. Pikipiki iliyosimama miaka mingi huharibika kimyakimya. Petroli ya zamani huacha utando unaoziba kabureta au nozeli, na tangi lisilojaa hushika kutu kwa ndani. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, ikala pampu. Sili hukauka na kupasuka, kisha siku ya kwanza ukiwasha unaona oili inatiririka chini. Matairi ndiyo hatari kuliko yote, kwa sababu kwa macho yanaonekana mapya. Tafuta ubavuni namba nne za mwisho za tarehe: ukikuta 1503, maana yake yametengenezwa wiki ya 15 ya mwaka 2003. Usithubutu kuyaendea barabarani. Yavue uyaweke stoo kwa ajili ya mkusanyaji atakayekuja kuyataka, funga mapya.

Kama ni ile kubwa yenye injini ya Twin Cam 88, kuna jambo jingine. Vikaza cheni vya ndani ya injini ile vina kipande cha plastiki kinachosukumwa na springi. Kipande hicho husagika, na vumbi lake huingia kwenye oili hadi kwenye pampu. Kampuni yenyewe iliuacha mfumo huo ilipofika modeli za 2007. Mwenye kilomita nyingi ndiye wa kuogopa zaidi, lakini fundi akifungua pale ni rahisi kuvikagua, na wewe utajua unachonunua badala ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Karatasi nazo zina uzito wake. Namba ya injini na ya fremu zilingane na kadi. Ulizia funguo zote, kitabu cha mwenye pikipiki, risiti ya kwanza, na eksosi ya kiwandani kama ameshabadilisha. Rangi ya tangi ikague juani: ya maadhimisho ikishapigwa upya, hata fundi awe hodari namna gani, mkusanyaji anaitambua na kushusha bei papo hapo.

Nenda uione asubuhi, na mwambie asiiwashe kabla hujafika. Shika injini kwa mkono uhakikishe ni ya baridi, ndipo iwashwe mbele yako. Nipigie picha namba ya fremu na ubavu wa tairi la nyuma kabla hujatoa hata senti.

Mama yako anakusalimu. Anauliza hiyo pikipiki italala wapi, na anataka jibu kutoka kwako, si kwangu.

Baba yako