Uko chuo cha jamii Marekani na unataka utafiti? Nenda kagonge mlango

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa kwetu anayeishi Ohio. Usiku anapanga mizigo kwenye ghala, asubuhi anaingia darasani kwenye chuo cha jamii, mwaka wa kwanza, biolojia. Anatamani siku moja afanye utafiti wa dawa. Sasa wenzake anaokaa nao wamemwambia utafiti ni mambo ya vyuo vikuu vikubwa, na kwamba hapo alipo ataambulia karatasi tu. Mwisho akaandika: "Dada, niendelee au nitafute kazi ya pili?"

Endelea, mdogo wangu. Na naomba uvumilie urefu wa jibu langu, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na mengine bado yananichoma.

Mimi nilikuja Marekani na familia kwa grini kadi. Chuo kikuu kilikuwa ghali, kwa hiyo nikajiandikisha chuo cha jamii: miaka miwili, ada nafuu, halafu unahamishia masomo yako chuo kikuu na kumalizia shahada huko. Wamarekani wamekuwa na vyuo hivi tangu mwaka 1901, kile cha Joliet kule Illinois kilipofunguliwa, na mamilioni yao wamepitia humo bila aibu yoyote. Kwetu hatuvijui. Mjomba wangu alitangaza kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba watoto wa wenzake wako vyuo vikuu, mimi nasoma "chuo cha mtaani." Watu wakaweka vicheko. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nimekaa kituo cha basi na sare yangu, nikavisoma vile vicheko kimoja kimoja.

Hata chuoni kwenyewe, mshauri wa masomo aliangalia ratiba yangu ya kazi, akanishauri nichukue kozi fupi ya usaidizi wa uuguzi, nisijichoshe na sayansi. Alisema kwa upole kabisa. Upole wake ndio ulioniuma.

Kilichonibadilishia maisha ni somo la biolojia la muhula uliofuata. Mwalimu alituambia siku ya kwanza kwamba muhula huu hakuna majaribio ya kitabuni ambayo jibu lake linajulikana. Kila mtu ataleta udongo wake, na humo tutatafuta virusi vinavyoshambulia bakteria, virusi ambavyo huenda hakuna mtu aliyewahi kuviona. Chuo chetu kilikuwa kwenye mpango uitwao SEA-PHAGES, ulioanzishwa mwaka 2008 na taasisi ya utafiti wa tiba ya Howard Hughes pamoja na Profesa Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Nilichota udongo chini ya mti nyuma ya maegesho ya magari, nikautia kwenye mfuko wa plastiki. Maabara tuliuchanganya na maji yenye chumvi maalumu, tukauchuja kwenye kichujio chenye vitundu vidogo kiasi kwamba bakteria hawapiti, virusi hupita. Maji yaliyochujwa tukayachanganya na bakteria aitwaye Mycobacterium smegmatis, ndugu asiye na madhara wa yule wa kifua kikuu, tukamimina kwenye sahani za agari, ute ulioganda wa kuoteshea bakteria, na kuziacha kwenye joto. Sahani zangu za kwanza zilitoka bure. Za pili pia. Niliporudia na udongo wa mahali pengine penye unyevu zaidi, niliinua sahani kwenye mwanga nikaona vidoa angavu katikati ya ule ukungu wa bakteria, kama kitambaa kilichotobolewa kwa sindano. Kila kidoa ni mahali ambapo kirusi kimeua bakteria na kuzaana. Mwalimu akaniambia nikipe jina. Nikakipa jina la kijiji cha mama yangu.

Mwenye kudhani huo ni mchezo wa wanafunzi asikilize hili. Mwaka 2010, mwanafunzi wa Durban, Afrika Kusini, alipata kirusi cha aina hiyo kwenye biringanya lililooza. Kikaitwa Muddy, kikahifadhiwa. Miaka kadhaa baadaye, kwenye hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, kulikuwa na binti wa miaka 15 aliyepandikizwa mapafu na kupata maambukizi ya bakteria ambayo dawa zote zilishindwa. Watafiti wa Pittsburgh walipekua akiba yao, wakachagua virusi 3, kimojawapo Muddy. Viwili vingine walivirekebisha kijenetiki kwanza. Binti akapata nafuu kubwa, na taarifa ikachapishwa mwaka 2019. Biringanya lililooza, mkononi mwa mwanafunzi wa Afrika Kusini. Nilipousoma mkasa huo nililia, na tangu siku hiyo sikumruhusu mtu kuniambia kwamba kazi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza haina maana.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Somo lilipoisha, hakuna aliyeniita kuniambia niendelee. Ilibidi niombe mwenyewe. Sisi tumelelewa tusiwasumbue wakubwa. Mwalimu akishafunga kitabu, umwache apumzike. Huku walimu wana saa za ofisi zilizobandikwa mlangoni, na ni kazi yao kukaa humo wakusubiri. Nilipoingia kwa mara ya kwanza, mwalimu wangu alikuwa peke yake na kiti cha mgeni kimejaa vitabu, kwa sababu hakuna mwanafunzi aliyekuwa anakuja. Nikamwambia nataka kuendelea na kirusi changu. Akaondoa vitabu kwenye kiti.

Huo ndio ubora wa vyuo hivi ambao wanaovidharau hawaujui. Kwenye chuo kikuu kikubwa mhadhara wa mwaka wa kwanza unaweza kuwa na mamia ya watu, na profesa ana wanafunzi wake wa uzamivu wanaotangulia kupewa vifaa. Chuo cha jamii hakuna wanafunzi wa uzamivu. Pipeti, kile kifaa cha kunyonyea na kupimia vimiminika, ni yako. Mwalimu anakujua kwa jina, na siku akikuandikia barua ya mapendekezo, anaandika habari zako, haandiki alama zako tu.

Kwa hiyo omba. Soma ukurasa wa kila mwalimu wa sayansi chuoni kwako, ujue alisomea nini, nenda ofisini ukamwambie wazi unachotaka. Uliza kama kuna somo lenye utafiti ndani yake. Mbali na SEA-PHAGES kuna Tiny Earth, ambako wanafunzi wanasaka bakteria wa udongoni wanaotoa viuavijasumu. Uliza kama chuo kimo kwenye mtandao wa CCURI, ulioanzia Finger Lakes Community College, New York, kwa ajili hasa ya kuingiza utafiti kwenye vyuo vya miaka miwili. Kama hakuna lolote, omba usomeshwe peke yako kwa mradi mdogo. Ukikataliwa, omba kwa mwingine.

Halafu kuna kiangazi. Shirika la sayansi la taifa, NSF, linafadhili programu za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ziitwazo REU: vikundi vidogo, mara nyingi watu kama kumi, wiki 8 hadi 10 kwenye maabara ya chuo kikuu, kwa posho, na mara nyingi malazi juu yake. Wengi hawajui kwamba wanafunzi wa vyuo vya jamii wanakaribishwa, na baadhi ya programu zinawatafuta hasa. Wizara ya Nishati nayo ina programu iitwayo CCI, ambayo ni ya vyuo vya jamii tu, wiki 10 kwenye maabara za taifa kama Argonne karibu na Chicago au Brookhaven huko New York. Mimi nilikwenda REU. Nilirudi na bango langu la utafiti, nikalisimamia mbele ya maprofesa na kujibu maswali yao yote, na barua niliyoandikiwa pale ndiyo iliyonifungulia chuo kikuu na ufadhili. Leo nafanya kazi maabara ya mikrobiolojia. Mjomba hajawahi kuniuliza nafanya kazi gani, na mimi sijamweleza.

Ndugu zangu mnaobeba boksi usiku na kusoma mchana, msikubali mtu awapimie ukubwa wa akili kwa jina la lango mlilopitia. Tumezoea kusifia majengo. Mtoto akisema yuko chuo kikuu chenye jina, tunapiga vigelegele bila kuuliza anafanya nini humo. Muulizeni ameshika nini mkononi. Muulizeni amegundua nini. Wazazi, msiwasimange watoto wenu kwenye makundi ya familia. Hamjui wanasomea maneno hayo wapi na wakiwa wamechoka kiasi gani.

Kuhusu makaratasi: REU na CCI ni kwa raia na wenye grini kadi. Aliye na viza ya mwanafunzi hawezi kuingia humo kwa fedha hizo, ila somo lenye utafiti halimbagui, na anaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, ikiwemo ya maabara pale inapopatikana. Aanzie hapo. Fedha za serikali hupanda na kushuka, kwa hiyo hakikisha kila mwaka ni programu zipi zimefunguliwa.

Wewe umeniambia unayo grini kadi. Maombi mengi ya kiangazi hufungwa kati ya Januari na Machi, na barua za mapendekezo huombwa mapema, kabla mwalimu hajazidiwa na mitihani. Wiki hii nenda saa za ofisi za mwalimu wako wa biolojia. Kisha andika insha yako ya maombi, ukurasa mmoja, uniletee niisome kabla hujaituma. Usifiche kazi ya ghala humo; iandike.