NCE ikipita swali la 100 usipaniki

Dada, kwanza hongera kumaliza shule ya nusukaputi huko Marekani, si mchezo. Umeuliza kama kwenye NCE, ule mtihani wa kuthibitishwa kuwa muuguzi wa nusukaputi, kompyuta ikikupitisha swali la 100 ndo ushafeli, hapana bana. NCE inaanzia maswali 100 inaweza kwenda mpaka 170, masaa matatu, na ugumu unabadilika kulingana na unavyojibu, kwa hiyo yakizidi maana yake tu kompyuta bado haijaamua. Halafu 30 kati ya hayo hayahesabiwi kabisa ila hutajua ni yapi, so ukikutana na swali la ajabu jibu songa mbele, kurudi nyuma hakuna.

Kusoma sasa. Mi naona wengi wanakesha na madawa wanasahau mashine na fizikia, na maksi zinaondokea hapo hapo. Mfano mtungi wa naitrasi oksaidi, ile gesi ya nusukaputi, geji ya presha inasoma psi 745 hata ukiwa umetumika sana, sababu ndani kuna kimiminika, inaanza kushuka kikishaisha, ukitaka kujua kilichobaki unapima uzito wa mtungi. Oksijeni yenyewe geji inashuka kadri unavyotumia. Ukielewa sababu huhitaji kukariri. Dozi lakini kariri tu, dantrolini, ile dawa ya mgonjwa akipandwa joto la hatari kwa sababu ya nusukaputi, miligramu 2.5 kwa kilo, utafanyaje.

Na achana na kupiga maswali mia kwa siku bila kusoma maelezo, bora machache na usome hata ya yale uliyopata, maana mengine unapata kwa bahati. Ukipangiwa zamu ya usiku kuamkia mtihani omba mtu akushikie.