Unga Ameacha, Uongo Je?

Mwanangu ametoka soba hausi, nyumba ya kuachia unga (heroini), huu ni mwezi wa nne tangu atoke. Akipimwa mkojo yuko safi, lakini bado ananidanganya, hata kwa vitu vidogo. Ndiyo amerudia? (Mama, Magomeni)

Si lazima, mama yangu. Mimi nilikuwa na nusu mwaka bila unga, na bado nikiulizwa "umekula?" najibu "nimekula" huku tumbo linanguruma. Sikufaidi chochote kwa uongo ule. Ulimi ulishazoea, maana miaka yote ya maskani ndio uliokuwa unanipatia kete za unga: mara nauli ya hospitali, mara rafiki kafiwa, mara simu imekwapuliwa Kariakoo. Arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa kilevi ulichozoea, huisha kwa siku kadhaa. Uongo haushuki na lile jasho.

Hatua 12, zile za kumwongoza mtu anayeacha kilevi, watu wanazikariri bila kuziangalia. Waliziandika walevi wa Marekani miaka ya 1930, na pombe yenyewe imetajwa katika hatua ya kwanza tu. Zilizobaki zinamshughulikia mtu. Ya nne inamkalisha na daftari: nina kinyongo na nani, naogopa nini, nimemdhulumu nani, na kosa langu mimi lilikuwa wapi. Ya tano, ayaseme hayo kwa Mungu, kwa nafsi yake na mbele ya binadamu mwenzake. Muulize mwanao kama ameshaandika, na mdhamini wake, yaani mtu aliyetangulia kuacha anayemwongoza, ni nani. Kama hana, hapo ndipo pa kuanzia, kabla hujamtafutia kazi.

Na acha kumpekua mifuko usiku. Mdhamini wangu alikuwa akininasa na uongo, ananiambia: "Nenda nje, ukirudi uniambie tena." Nasimama kwenye ngazi, moyo unanidunda, halafu narudi kusema kweli. Mjaribie hivyo.

Kuna dawa ya kukata hamu ya unga mara moja? Nataka niache kimyakimya, ndugu wasijue.

Hakuna. Swali hili naletewa kila wiki, na kila wiki lina hilo neno "wasijue". Mwambie mtu mmoja leo.

Ndugu yangu anakunywa methadoni, dawa ya hospitali inayotolewa badala ya unga. Wenzake wanamwambia hajaacha, amebadilisha tu.

Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na hadi leo tunabishana jambo hili! Mtu anaamka kila asubuhi, anapanga foleni, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, kisha anakwenda kibaruani. Haibi, hajidungi, hatafuti kete. Huyo yuko kwenye matibabu. Kinachonikera zaidi ni kwamba wanaomsema ni watu wa soba wenye kiburi cha siku zao. Umeacha unga miaka miwili, lakini unamdharau mgonjwa mwenzako: irudie hatua ya nne. Naye ndugu yako daftari linamhusu vilevile. Methadoni inatuliza mwili, deni la watu haiwezi kulilipa.

Kila Ramadhani naacha mwezi mzima, Idi ikifika narudi. Nakosa nini? (Mwanakwerekwe)

Kaka, kwanza uhai wako. Mwezi mmoja bila unga, mwili unapoteza uzoefu wake, na kipimo ulichokuwa ukikimudu Shaabani kinaweza kukuua siku ya Idi. Usitumie, na ukizidiwa usijifiche peke yako chooni. Wengi wetu tumewakuta wenzetu huko wakiwa wameshapoa.

Kinachokosekana ni mpango wa mwezi mosi Shawwali. Ramadhani una futari, tarawehe, watu pembeni. Idi unavaa nguo mpya, unapewa hela mkononi, unapita maskani kutoa mkono. Siku hiyo lala kwa mtu aliyeacha, na hela ashike yeye.

Baba yetu mlevi wa miaka mingi. Tumfungie chumbani wiki moja aache?

Msithubutu. Arosto ya unga inatesa, lakini ya pombe kwa mlevi wa kila siku inaweza kumtia degedege na kumuua. Mpelekeni hospitali, na daktari ambieni kiasi halisi anachokunywa. Msimfichie aibu.

Nimewaibia wengi. Nikiomba msamaha inatosha?

Haitoshi. Waislamu tumesomeshwa tangu chuoni: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na ikiwa ni haki ya mja, uirudishe. Hatua ya nane na ya tisa zinataka hivyohivyo: orodhesha uliowadhuru, kisha ukawalipe wenyewe, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza wao au wengine. Kama ulitembea na mke wa mtu, usiende kumvunjia nyumba yake ili wewe ulale vizuri. Zungumza na mdhamini kwanza.

Mimi niliuza cherehani ya mama. "Samahani" alishaisikia mpaka ikamchosha, kwa hiyo sikuisema tena. Nilibeba zege, kila Jumamosi nikampelekea elfu tano. Wiki za mwanzo alizipokea bila kuniangalia, akazifunga kwenye pindo la kanga. Nilikuwa namaliza mwaka aliponiuliza, "Kesho unakuja kula?"

Andika majina yote. Anza na yule unayevuka barabara ukimwona.