Pepopunda na Asidi Amino: Je, Supu ya Samaki Itasaidia?

SWALI: Daktari, ami yangu ni fundi wa majahazi hapa Matondoni, Lamu. Alikanyaga msumari, na baada ya siku kadhaa taya zikamkaza na mgongo ukapinda, sasa amelazwa. Tumeelezwa kwamba sumu ya pepopunda imezuia asidi amino (kijenzi cha protini) iitwayo glisini. Kwa kuwa asidi amino zimo katika samaki, je, tukimpelekea supu nzito atapata nafuu?

JIBU: Namwombea ami yako afueni. Supu haitaulegeza mkazo huo, kwa sababu glisini haijapungua mwilini mwake. Hata asipoila, mwili huitengeneza wenyewe. Katika uti wa mgongo zimo neva fupi ambazo kazi yake ni kutuliza, nazo huweka glisini, pamoja na mwenzake gaba, katika vifuko vidogo mno, ili msuli mmoja unapokaza, kemikali hizo zimwagwe na msuli unaoukabili ulegee. Sumu ya pepopunda hupanda kutoka kidondani kwa kupitia ndani ya neva, hufika hapo, na kuikata protini inayoviwezesha vifuko kumwaga kilichomo. Glisini ipo, ila haitoki. Wakati huo glutamati, asidi amino inayochochea neva, haina wa kuizuia, na ndiyo maana hata mlango ukibamizwa mgonjwa hushtuka mwili mzima. Msishangae basi mkikatazwa kujazana chumbani.

Diazepamu anayopewa huongeza nguvu ya gaba ile kidogo inayotoka. Dawa ya kuua sumu, kwa upande wake, huikamata ile ambayo haijaingia nevani tu. Iliyokwisha kuingia husubiriwa mpaka neva ziote ncha mpya, jambo linalochukua wiki kadhaa. Chakula anakihitaji, tena kingi, lakini wauguzi ndio waamue njia ya kumlisha: mtu aliyekazwa taya na koo akinyweshwa supu, huweza kumwingia mapafuni.

Kutu ya msumari husingiziwa bure. Mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya pepopunda hukaa udongoni na katika kinyesi cha wanyama, na mji wetu wa punda haujakosa. Akipona, achanjwe, kwani kuugua pepopunda hakumpi mtu kinga. Na mafundi wenzake nao wasingoje msumari.